Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Futeni ile X kwenye ukuta wa gesti yetu

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya

Nakala: Mheshimiwa Diwani, Ofisa Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji

YAH: KUBOMOLEWA KWA NYUMBA YA WAGENI YA KIJIJI BILA RIDHAA YA WANAKIJIJI

Ndugu Mkurugenzi,

Mbukwa! Ndivyo tunavyoamkiana huku Ugogo, nami naanza hivyo kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa kitongoji cha Stesheni katika kijiji kimoja cha kando ya Reli ya Kati. Jina la kijiji nimeliacha makusudi. Ofisi yako inakijua, na kila mtu wa hapa anajua ni nyumba gani ninayoisema. Sitaki suala la haki ligeuzwe kuwa ugomvi wa mtu na mtu. Marehemu mama yangu alikuwa mhudumu wa gesti ya kijiji kwa miaka thelathini na ushee. Nimekulia humo. Nimefagia ua wake, nimebeba maji yake kichwani, na hesabu zangu za darasa la saba nilizifanyia kibarazani pake kwa mwanga wa kandili.

Sikukurupuka kuja hadharani. Barua ya kwanza niliileta ofisini kwenu kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilipitia kwa Mtendaji wa Kata. Ya tatu ilisainiwa na wazee kumi na saba, watatu kati yao kwa dole gumba. Hakuna iliyojibiwa. Mara mbili nimekaa kwenye benchi la nje ya mlango wako tangu saa mbili asubuhi hadi wahudumu wanafunga madirisha, nikiambiwa uko kikaoni. Sikulaumu kwa vikao. Lakini wakati sisi tunasubiri benchini, kuna kijana alikuja na kopo la rangi nyekundu.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa napita kwenda kisimani nikakuta X, alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, kwenye ukuta wa mbele wa gesti, kubwa kuliko mlango, rangi ikiwa bado mbichi. Ilikuwa imechuruzika ukutani hadi chini, na tone moja limedondokea kifuniko cha mtungi.

Mtungi huo inafaa niueleze, maana barua nzima hii inauhusu. Umesimikwa kibarazani, kulia kwa mlango, juu ya mafiga matatu, na kata ya kibuyu inaning'inia kwenye msumari juu yake. Haukuwa pambo. Mgeni alipofika, awe ameshuka treni au ametembea kwa miguu, alichotewa maji kwanza. Akinywa, akivuta pumzi, ndipo anaulizwa jina na kuandikwa kitabuni. Mama alikuwa mkali sana juu ya utaratibu huo. Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, nilimwuliza mzee mmoja "Unatoka wapi?" kabla sijampa maji. Mama hakunipiga. Alinipokonya kata, akampa mzee maji yeye mwenyewe, kisha akaniambia, "Mwenye kiu hana jina." Basi. Sijasahau hadi leo.

Sasa nieleze malalamiko yetu, moja baada ya jingine.

1. Tathmini yenu imeandika kwamba nyumba haina thamani.

Karatasi niliiona kwa macho yangu: "jengo la udongo, chakavu, halina thamani." Maneno sita, na kazi imekwisha. Aliyeyaandika hakuingia ndani, maana mlango ulikuwa na kufuli na ufunguo ninao mimi.

Nyumba ina sehemu mbili. Ya nyuma ni vyumba sita vya matofali ya kuchoma na bati, vilivyojengwa na wanakijiji kwa nguvu zao wenyewe baada ya Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Vyoo vyake vilichimbwa wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Mama na kikundi chake walikuwa wakikaa kibarazani hapo kusikiliza vipindi vya redio vya kampeni ile, kisha wanainuka kwenda kuchimba.

Sehemu ya mbele ndiyo yenye X, na ndiyo ya zamani. Ni tembe. Wewe si mwenyeji wa huku, Ndugu Mkurugenzi, kwa hiyo niruhusu nikueleze: tembe ni nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la miti na udongo, kuta za nguzo na fito zilizokandikwa, vyumba vimepangana kuzunguka ua. Mchana wa Oktoba, nje jua likichoma hadi mibuyu inaonekana kama inatetemeka, ndani mwake unalala kwa raha. Usiku wa Julai, baridi ya huku ikiuma, kuta zinakurudishia joto lote la mchana. Wakati wa operesheni, tembe nyingi zilibomolewa kwa sababu ilisemwa si nyumba bora. Hii wazee waliiombea. Walimwambia ofisa wa wakati ule kwamba si nyumba ya mtu, ni ya wageni, na yule ofisa alielewa. Akaiacha.

Kwa nini ilikuwa ya wageni? Hapo ndipo historia inapoanza, na ningependa uisome yote.

Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, waliipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Lakini hao walikuwa wachache. Waliokuwa wengi, maelfu kwa maelfu, ni wapagazi, hasa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani, mwendo wa miezi miwili, mitatu au zaidi kutoka pwani hadi Unyanyembe, huko Tabora. Wakitoka Mpwapwa walikuwa na kipande cha nyika kinachoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, jina ambalo lenyewe linakuambia habari ya maji yake. Walikivuka wakiwa wamebeba maji ya kunywa, na walipotokea upande huu, kitu cha kwanza walichotafuta ni kisima.

Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa uchungu kuhusu Wagogo na hongo zao: vitambaa vingi mno, shanga nyingi mno, kila mtemi anataka chake. Na kwa kuwa siku hizi neno hongo limekuwa jina la rushwa, watu wakisoma habari hizo wanadhani babu zetu walikuwa wanyang'anyi. Naomba ufikirie kidogo. Hapa mvua inanyesha msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mwaka mbaya hainyeshi hata huo. Msafara wa watu mia tano ukipiga kambi siku tatu, unakunywa maji ya kijiji kizima na ya ng'ombe wake. Hongo ilikuwa malipo ya maji na chakula, na ilikuwa ahadi: ukishalipa, wewe ni mgeni wetu, hakuna atakayekugusa. Mzee aliyenifundisha haya alisema mtu aliyeacha deni la hongo hakufukuzwa kisimani, aliandikwa moyoni. Akirudi safari nyingine, analipa.

Wala sitaki kuipamba historia hii. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kisima chetu kiliwanywesha hao pia, nao hawakuwa wageni wa mtu yeyote, walikuwa mateka. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo waziwazi, hakuruhusu mtu asimulie habari za misafara kana kwamba ilikuwa sherehe. Vilevile hakuficha habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Vita Kuu yalipokomba nafaka na mifugo ya Ugogo na mvua ikagoma juu yake. Alisema ndio wakati pekee mtungi ulikaa mtupu, na watu wakawa wakisikia hodi wananyamaza. Alipofika hapo kila mara alinyamaza na yeye.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa. Tembe haikufa, kwa sababu treni nayo ina wageni wake: aliyeshuka usiku na kwao ni kilomita ishirini porini, aliyekuja na mgonjwa kuwahi treni ya alfajiri, mfanyabiashara wa karanga na ubuyu, mwalimu mpya aliyeripoti na sanduku la bati hajui atalala wapi. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alilala chumba namba mbili wiki tatu nzima.

Serikali yetu yenyewe inajua uzito wa njia hii. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, Njia ya Kati ya Biashara ya Utumwa na Pembe za Ndovu, na vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Sisi tuko kati ya Mpwapwa na Kilimatinde. Hatukutajwa, na hatudai tutajwe. Lakini huwezi kuiambia dunia kwamba njia ni urithi, kisha ukabomoa mahali ambapo watu wa njia hiyo waliweka mizigo chini.

2. Uamuzi haukupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Hili ni la kisheria, kwa hiyo nitalisema kwa ufupi na kwa uwazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa mdhamini tu wa ardhi ya kijiji. Wanufaika ni wanakijiji. Ardhi haigawiwi kwa mtu kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Mkutano Mkuu ni sisi wote wakazi tuliotimiza miaka kumi na minane, si watu watano waliokaa chini ya mwembe na mgeni mwenye gari jeupe.

Tumeambiwa kwa mdomo kwamba kiwanja kimepata mwekezaji, kwamba zitajengwa fremu za maduka na pengine sheli. Mkutano wa mwisho tuliohudhuria ajenda yake ilikuwa madawati na chanjo ya mifugo. Gesti haikutajwa. Kama kuna muhtasari unaoonyesha tulikubali, tunaomba tuuone, na tuone sahihi zilizomo ni za nani.

Tunajua kwa nini kiwanja hiki kimependwa ghafla. Tangu Serikali ihamie Dodoma, ardhi ya mkoa mzima imepanda bei, na sisi tuliokuwa tukionekana watu wa vumbi tumegundua tumekalia dhahabu. Hatupingi maendeleo. Kuna eneo la wazi upande wa pili wa reli, kubwa mara tatu ya hili, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kulala pale.

3. Vitabu vya wageni vimechukuliwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, hata kuliko X.

Gesti ilikuwa na vitabu kumi na kimoja vya wageni, vile virefu vyenye majalada magumu, vilivyopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, anatoka, anakwenda, kazi, sababu ya safari, malipo, sahihi. Kimoja kimeliwa na mchwa pembeni. Vingine vyote vilisomeka. Vilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya meza ya mapokezi. Watu waliojitambulisha kuwa wametumwa kutoka wilayani walivipakia kwenye pikapu wakati mhudumu yuko peke yake, wakamwambia ni nyaraka chakavu, zinakwenda kuteketezwa kwa utaratibu.

Ndugu Mkurugenzi, naomba nikuambie kilichomo kwenye nyaraka hizo chakavu.

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Wewe na mimi tunaikumbuka siku hiyo kwa redio. Lakini kitabu cha mwaka ule kinaikumbuka kwa namna nyingine. Siku zile walipita hapa watu kutoka Tabora, Kigoma na Shinyanga waliokuwa wakienda kutafuta ndugu zao, wengine kwa malori, wengine wamebadilisha magari mara tatu. Mama aliwapokea. Kwenye ile safu ya "sababu ya safari", ambapo kwa kawaida watu huandika "biashara" au "matembezi", kuna mwandiko wa mwanamume, herufi kubwa, zimekandamizwa hadi karatasi imetoboka: KUMTAFUTA MKE WANGU. Mstari wa chini yake mwingine ameandika: HIVYO HIVYO.

Safu ya malipo ya siku zile zote imechorwa mstari mmoja mrefu. Mama hakutoza mtu. Hakuomba ruhusa kwa mtu wa kijiji wala wa wilaya, na kijiji hakikumwuliza.

Kwenye kitabu kingine kuna Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yalipoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Humo majina yanaingia mpaka kwenye pambizo, kwa sababu vyumba kumi vililaza watu wanaozidi sabini. Wanawake na watoto ndani, wanaume uani juu ya mikeka na magunia. Kijiji kilileta uwele na mlenda. Mtoto alizaliwa chumba namba nne, na jina lake limeandikwa hapo kama mgeni kamili: anatoka, pameachwa wazi, anakwenda, Kigoma.

Kuna mtu anaweza kuvitazama vitabu hivyo akaona karatasi za kuwashia moto. Mimi naona historia ya nchi hii imeandikwa na wenyewe, kwa kalamu ya kuazima, wakiwa wamechoka safari. Kama bado havijateketezwa, na namwomba Mungu iwe hivyo, tunavitaka vyote kumi na kimoja.

4. Wageni wanafukuzwa sasa hivi.

Tangu X ipigwe, lango lina mnyororo. Mwezi uliopita mama mmoja mzee alishuka na mjukuu wake usiku, akaja moja kwa moja gesti kama alivyozoea, akakuta mnyororo. Hakugonga nyumba ya mtu, aliona haya. Walilala kwenye sakafu ya stesheni wamejifunika kanga moja. Asubuhi tulipomkuta, neno lake lilikuwa moja tu: "Kwani hapa mmehama?"

Sikuwa na la kumjibu.

5. Mhudumu hajalipwa miezi minne. Ana watoto. Mengine utayaelewa mwenyewe.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo niyajibu mapema.

Itasemwa kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kwamba sisi hatuna cheti cha kuonyesha tembe ilijengwa lini. Ni kweli, hatuna. Udongo hauna cheti. Tembe hukarabatiwa kila baada ya masika, nguzo moja inabadilishwa mwaka huu, ukuta mmoja unakandikwa mwaka ujao, na baada ya miaka hamsini huwezi kusema ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa kumbukumbu ya kulindwa. Halmashauri inaweza kuomba. Je, imewahi kuomba? Na hata kama Waziri atakataa, sheria kutokuilazimisha ofisi yako kuilinda nyumba si sawa na kuiagiza iibomoe.

Itasemwa kwamba sasa ni zama za treni ya umeme. Tangu Julai 2024 watu wanatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, wanakunywa soda kwenye kiyoyozi, wanatupita. Tunafurahi. Nimeipanda mimi mwenyewe, na nilijisikia fahari kama Mtanzania. Ila mkulima wa ufuta na mama mwenye mgonjwa bado wanategemea treni ya zamani, basi bovu na bodaboda, na hao ndio waliokuwa wageni wetu siku zote. Pia nasema hivi: hii si mara ya kwanza njia kubadilika. Wapagazi walipokoma, wazee wangeweza kusema kazi ya nyumba hii imekwisha. Hawakusema.

Itasemwa gesti haiingizi mapato. Chumba ni shilingi elfu tano kwa usiku, na ushuru ulikuwa ukikatwa na kupelekwa. Stakabadhi ninazo kwenye bahasha, nitazileta. Hatujawahi kuomba halmashauri hata kopo la chokaa. Paa la nyuma lilipoezuliwa na upepo, vijana wa kijiji ndio walioliezeka.

Na itasemwa si salama, udongo utamwangukia mtu. Basi mlete mhandisi aingie ndani, agonge nguzo, aandike ripoti. Nikikosea, nitakubali mbele ya watu. Mafundi wanaojua kukandika tembe bado tunao wawili, wote wana zaidi ya miaka sabini, na wako tayari kufundisha vijana bila malipo. Wakifa hao, hata mkija na fedha hamtapata wa kuzipokea.

Kuna mtu mmoja wa ofisini kwako, sitamtaja, aliniambia kwa upole tu kwamba wageni wa siku hizi wanataka choo cha ndani na intaneti, tuache kung'ang'ania mambo ya kale. Nilimsikiliza. Lakini pale barabara ya lami gesti za namna hiyo ziko tatu, zina televisheni na geti la chuma, na ukifika saa saba usiku huna fedha, hakuna anayefungua. Yetu haikuwahi kumfungia mgeni usiku, mpaka mlipotuletea mnyororo.

Bagamoyo kuna Karavanserai. Ni makumbusho sasa, watoto wa shule wanapelekwa wakaonyeshwa mahali wapagazi walipopumzikia. Ni jambo jema. Lakini ya kwetu haijawa makumbusho kwa sababu haijaacha kufanya kazi. Ukiweka shuka leo, kesho kuna mtu amelala. Mnataka kuua kitu kilicho hai, halafu baada ya miaka thelathini mje mtafute fedha za kujenga mfano wake wa saruji.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba yafuatayo, na hatuyaombi kama hisani:

Kwanza, usimamishe ubomoaji kwa maandishi, na X ifutwe. Siyo ipakwe rangi nyingine juu. Ikwanguliwe na ukuta ukandikwe upya. Udongo tutachimba sisi.

Pili, vitabu vya wageni virudishwe, vyote, na kama kuna vilivyoteketezwa tuambiwe ni vipi, lini, na kwa sahihi ya nani.

Tatu, uitishwe Mkutano Mkuu wa Kijiji, tangazo libandikwe mapema, na wewe mwenyewe au mwakilishi wako aje na nyaraka za huyo mwekezaji. Tukikataa, iwe tumekataa. Tukikubali wengi kwa kura za mikono, mimi nitanyamaza, ingawa sitafurahi.

Nne, mnyororo uondolewe hata kabla ya mkutano, mhudumu alipwe malimbikizo yake, na vyumba vya nyuma vipokee watu. Mvua zinakaribia, na treni za masika tunazijua.

Tano, halmashauri iandike maombi kwa Wizara inayohusika na mambo ya kale ili wataalamu waje waikague tembe na kisima. Mimi nitawaandalia maelezo ya wazee, nimekwisha kuyaandika madaftari mawili.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini. Lisitumwe kwangu peke yangu. Libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kila mtu asome. Nami kuanzia Jumatatu nitakuwa kibarazani pa gesti kila siku, nje ya mnyororo, tangu asubuhi hadi treni ya mwisho ipite. Mtungi nimeusugua, rangi imetoka. Maji yamo. Ukija wewe, au kijana wa rangi, au mwekezaji mwenyewe, utakunywa kwanza, kisha tutazungumza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkazi wa kitongoji cha Stesheni,
kwa niaba yangu na ya wazee kumi na saba waliosaini barua ya tatu